Mkulima Aliyejenga Mji kwa Magogo

Katika nchi ya Kanada uko mto mkubwa uitwao Ottawa, utokao kaskazini katika nchi ya maziwa na mawe, ukateremka hata kuungana na mto St. Lawrence karibu na mji wa Montreal. Juu ya jabali lililo ukingoni mwake, upande wa kusini, zimejengwa nyumba za Bunge la Kanada. Mtu asimamaye katika uwanja wa Bunge akitazama ng'ambo huona mji mwingine mbele yake, ambao wenyeji wake wengi husema Kifaransa. Hapo kwanza uliitwa Mji wa Wright, baadaye ukaitwa Hull, na tangu mwaka 2002 umekuwa sehemu ya mji wa Gatineau. Wageni wengi huvuka daraja kwenda kutazama nyumba kubwa ya makumbusho iliyofunguliwa huko mwaka 1989, mahali ambapo zamani palikuwa na viwanda vya mbao na karatasi; kisha hurudi upande wa Bunge. Ni wachache waulizao kwa nini mji ukawa pale.

Jibu limo katika maji. Mwendo mfupi kutoka hapo, juu ya mto, yapo maporomoko ambayo Wafaransa waliyaita Chaudière, yaani sufuria kubwa, kwa sababu maji yalichemka na kuzunguka katika shimo la mawe kama maji ya sufuria iliyo motoni. Msafiri Mfaransa, Samuel de Champlain, alipofika mwaka 1613, aliwaona wenyeji wa nchi ile, Waalgonquin, wakikusanya tumbaku katika sahani ya mti, wakacheza na kuimba, kisha wakaitupa tumbaku ile ndani ya maji kuwa sadaka kabla ya kuendelea na safari yao. Kwao palikuwa mahali patakatifu, na tena palikuwa njia kuu, kwani kila mtu aliyepita na mtumbwi ilimlazimu kushuka pale na kubeba mizigo yake kando ya maporomoko. Kwa muda wa karibu miaka 200 wafanya biashara wa ngozi za wanyama walipita pale wakienda na kurudi, wala hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kukaa. Mtu wa kwanza kuyatazama maporomoko yale kwa macho ya mkulima alikuwa Philemon Wright.

Wright alizaliwa tarehe 3 Septemba 1760 katika Woburn, kijiji cha wakulima karibu na Boston, katika nchi ya Massachusetts. Alipokuwa kijana vilianza vita vya Wamarekani na Waingereza, naye akapigana upande wa Wamarekani. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa maana mtu huyu aliyeshika bunduki juu ya Mfalme wa Uingereza ndiye aliyekwenda baadaye kuomba ardhi kwa serikali ya Mfalme yule yule, akaapa kiapo cha utii, akafa akiwa raia wake. Njaa ya ardhi hugeuza mioyo ya watu wengi. Mwaka 1782 alimwoa Abigail Wyman, wakapata watoto wengi, wa kiume na wa kike, na mashamba ya Woburn, yaliyolimwa tangu siku za mababu na kugawanywa kila baba alipokufa, hayakutosha tena kuwapa wana wote urithi wa maana. Mkulima ye yote mwenye wana wengi ataielewa shida hiyo bila kufafanuliwa.

Mwaka 1796 alikwenda Montreal kutafuta nchi. Wakati ule serikali ya Kiingereza ilikuwa ikitoa ardhi kwa utaratibu wa namna hii: mtu mmoja hujitokeza kuwa kiongozi, akaleta wenzake, na kila mwenzake akaandikiwa eneo lake, lakini kwa kuwa kiongozi ndiye aliyelipa gharama za safari na za kupima mipaka, wenzake humrudishia sehemu kubwa ya kile walichoandikiwa. Hivyo katika karatasi ardhi ilikuwa ya wengi, bali kwa kweli ilikuwa ya mmoja. Watu wa Montreal walimwonya asipande mto Ottawa, wakisema ya kuwa nchi ya juu, kupita maji ya kasi yaitwayo Long Sault, haifai kitu. Wright hakuyaamini maneno ya watu wasiofika huko. Akaenda mwenyewe, akarudi, akaenda tena. Na kwa sababu watu wa Woburn nao hawakuamini maneno yake yeye, mwaka 1799 aliwachukua wazee wawili wa kijiji chao, watu wa kuheshimiwa, wakafuatana naye msituni. Wakapanda juu ya miti zaidi ya mia moja ili kuona jinsi nchi ilivyolala, wakachimba udongo na kuutazama. Waliporudi Woburn habari zao ziliaminiwa, na watu wakajitoa kwenda.

Tarehe 2 Februari 1800 msafara uliondoka Woburn: jamaa tano pamoja na wake na watoto wao, vibarua 25, farasi 14, ng'ombe wa kazi 8, na magari 7 ya kuburuzwa juu ya theluji, yasiyo na magurudumu. Katika kundi hilo alikuwamo mtu mweusi aliye huru, jina lake London Oxford, ambaye huhesabiwa kuwa mtu wa kwanza wa asili ya Kiafrika kufanya makao katika bonde lile la Ottawa. Katika Massachusetts utumwa ulikuwa umekomeshwa kwa hukumu ya mahakama mwaka 1783, na mtu kama huyu aliweza kwenda atakako, ingawa hakuwa na mali nyingi ya kuanzia.

Kwa mtu wa nchi ya joto ni ajabu kusikia kwamba walichagua kusafiri katikati ya baridi kali. Lakini wakati wa kiangazi njia ya msituni haipitiki kwa magari, bali wakati wa baridi mto huganda ukawa barabara. Kutoka Montreal walikuta nyumba za watu mpaka Long Sault. Kutoka hapo, kwa mwendo wa zaidi ya maili 60, hapakuwa na nyumba hata moja, wala njia, wala mtu wa kuwaonyesha barafu ilipo nene na ilipo nyembamba. Wanaume walitangulia na mashoka, na usiku walilala katika magari au juu ya matandiko yaliyotandikwa katika theluji, moto mkubwa ukiwaka katikati.

Siku moja walikutana na Mwalgonquin aliyekuwa akisafiri na mkewe, wakivuta kigari ambacho ndani yake alikuwamo mtoto wao. Hakujua Kiingereza, nao hawakujua lugha yake, na hakuwa amepata kuona msafara wa namna ile. Alipokwisha kufahamu wanaelekea wapi, alimpeleka mkewe na mtoto msituni, kisha akashika shoka lake dogo akatangulia mbele ya farasi, akiipiga barafu hatua kwa hatua mpaka walipofika. Kila usiku alirudi msituni kwa jamaa yake, na kila asubuhi alikuwapo. Walipofika penye kinywa cha mto Gatineau aliagana nao, wakampa zawadi, wakampigia makelele ya shangwe, akaenda zake. Habari hii twaijua kwa sababu Wright mwenyewe aliiandika miaka 20 baadaye, katika maelezo yake kwa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Jina la yule mtu hakuliandika.

Msafara ulifika mahali pake tarehe 7 Machi 1800. Kila aliyeweza kushika shoka alitaka apige pigo la kwanza, na mti wa kwanza ukaangushwa. Karibu na hapo palikuwa na kambi za Waalgonquin, waliokuja kila mwaka wakati ule kugema utomvu wa miti fulani na kuuchemsha hata uwe sukari. Siku za kwanza walikuja kutazama, wakastaajabia mashoka makubwa na ng'ombe wa kazi, wakaleta nyama na sukari kubadilishana na wageni. Lakini baada ya siku kadhaa wazee wao walikuja pamoja na mkalimani, wakauliza swali lililo wazi kabisa: mmepewa na nani ruhusa ya kukata miti yetu na kuchukua nchi yetu? Walisema kwamba wageni wataharibu miti yao ya sukari na kufukuza wanyama wao, na watoto wao watapata taabu.

Wright alijibu kwamba amepewa ruhusa na serikali ya Mfalme aliye ng'ambo ya bahari, na kwamba wakitaka hakika wamwulize Sir John Johnson wa Montreal, aliyekuwa mkubwa wa mambo ya wenyeji. Wazee walikwenda Montreal, mwendo wa maili zaidi ya 100, wakauliza. Wakaambiwa ya kuwa hawana haki ya kuiuza nchi ile, kwa sababu kila mwaka hupokea zawadi kutoka kwa serikali. Walirudi wakamweleza Wright majibu hayo, wakasema kwamba kwa kuwa mambo ni hivyo watakaa naye kwa amani; wakamfanya kuwa mzee miongoni mwao kwa sherehe, wakala pamoja. Wright aliandika kwamba tangu siku hiyo hakupata kuona majirani wema kuliko wale. Ndivyo ilivyokuwa, na ni sifa kwao. Lakini msomaji ataona kwamba swali lenyewe halikujibiwa. Waliuliza habari za ardhi, wakajibiwa habari za zawadi.

Basi kazi ikaanza. Nia ya Wright ilikuwa kilimo, wala si biashara ya mbao. Alitaka mji wa wakulima kama Woburn, wenye ngano, viazi, katani na ng'ombe, na penye maji ya Chaudière aliona nguvu ya kuzungushia vinu. Katika miaka michache palikuwa na kinu cha kusagia ngano, mashine ya kupasulia mbao, kiwanda cha ngozi, na nyumba ya wahunzi wenye nyundo zilizoendeshwa kwa maji. Ardhi ilikuwa nzuri, na mavuno ya kwanza yalionyesha kwamba hakudanganyika.

Taabu ilikuwa soko. Ngano iliyolimwa Hull ilipaswa kusafiri maili zaidi ya 100 mpaka Montreal kupita maji ya kasi, na gharama za njiani zikala faida yote. Vitu vya dukani vilikuja kwa njia hiyo hiyo, na kila chuma, kila kitambaa, kila ratli ya chumvi ilipanda bei kabla ya kufika. Vibarua walitaka mshahara wao. Ilipofika mwaka 1806, ambapo hati za ardhi zilitolewa hatimaye, fedha alizokuja nazo kutoka Woburn zilikuwa zimekwisha. Alikuwa na mji, alikuwa na mashamba, wala hakuwa na kitu cha kuuza kiwezacho kulipa gharama ya njia.

Kitu pekee kilichokuwa tele, na ambacho chaweza kujichukua chenyewe majini, kilikuwa mti. Msonobari mweupe wa bonde lile ulikua kwenda juu zaidi ya futi 100, umenyoka kama mlingoti, na watu wa Jeshi la Maji la Uingereza waliutaka sana. Katika bandari ya Quebec zilikuwapo meli zilizopakia mbao kwenda Uingereza. Lakini kutoka Hull mpaka Quebec ni mwendo wa karibu maili 300, na watu wote waliojua mto walisema kwamba magogo hayawezi kupita Long Sault. Walikuwa wamesema vivyo hivyo habari za kilimo. Wright alifanya mkataba wa kupeleka mbao Quebec, akaahidi kuzifikisha kabla ya mwisho wa Julai.

Chelezo hicho cha kwanza kilifungwa kwa magogo kama 700, na juu yake zikapangwa mbao pamoja na maelfu ya vipande vya kuundia mapipa. Wakakiita Columbo. Kiliondoka penye kinywa cha mto Gatineau tarehe 11 Juni 1806. Waliokiendesha walikuwa watu watano: Wright mwenyewe, mwanawe Tiberius ambaye alikuwa bado kijana, na vibarua watatu, Martin Ebert, John Turner na London Oxford. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amepata kuendesha chelezo katika mto ule, wala palikuwa hapana mtu wa kuwafundisha, kwa kuwa hakuna aliyewatangulia.

Mpaka Long Sault walikwenda salama, maji yakiwachukua polepole, wakipika chakula chao juu ya magogo na kulala hapo hapo. Penye maji ya kasi chelezo kikawa kikubwa kupita kiasi. Iliwapasa kukifungua, kuyateremsha magogo mafungu mafungu, kuyakimbilia yaliyopotea ukingoni au yaliyokwama katika mawe, na kuyafunga tena chini. Kisha mbele kidogo, kwenye maji mengine ya kasi, kufungua tena. Kazi hiyo ya kutoka Long Sault mpaka karibu na Montreal iliwachukua siku 36, hali mtu mwenye mtumbwi huipita kwa siku chache. Badala ya kupita mbele ya mji walichagua njia ya maji iliyo nyuma ya kisiwa cha Montreal, ambayo wakaaji wake walisema haipitiki, wakapita. Tarehe 12 Agosti chelezo kikatokea Quebec.

Siku ya mkataba ilikuwa imekwisha kupita, na Wright hakuwa na mnunuzi. Alikaa Quebec akiitazama mali yake ikielea, akitafuta mtu wa kuinunua, na mwishowe akaiuza. Mtu angeweza kusema kwamba safari ile ilikuwa hasara. Lakini mwezi wa Novemba mwaka ule ule Napoleon wa Ufaransa alitoa amri, akiwa Berlin, ya kuzifunga bandari za Ulaya zisifanye biashara na Uingereza. Waingereza walikuwa wakipata sehemu kubwa ya mbao zao kutoka nchi za Bahari ya Baltiki, na mlango huo ukaanza kufungwa. Ndipo wakageukia makoloni yao ya Amerika, na kuanzia mwaka 1809 ushuru wa mbao za Baltiki ulipandishwa sana, hata mbao za Kanada, ijapokuwa ziliivuka bahari kubwa, zikawa rahisi katika soko la Liverpool na London. Wright hakuyajua hayo alipokuwa akiyafukuza magogo yake mtoni. Alichojua ni kwamba njia yapitika, na wakati mbao zilipotakiwa alikuwa ndiye mtu aliyekwisha kuijaribu.

Mwaka 1808 moto uliteketeza vinu na mashine zake. Alikuwa na umri wa miaka 47, mwenye madeni, na mazungumzo ya kurudi Woburn yalikuwapo nyumbani mwake. Hakurudi. Magogo yalimpatia fedha ya kujenga upya, na tangu hapo hakuyaacha tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wakati wa masika ya majani kuanguka, watu walikwenda msituni na kujenga kambi ya magogo, nyumba moja isiyo na dirisha, moto katikati na tundu la moshi juu. Walikaa humo baridi yote. Mti ulioangushwa ulichongwa pande nne kwa shoka pana, kwa kuwa wanunuzi wa Uingereza walitaka magogo ya pande nne yapangike vizuri ndani ya meli. Fundi hodari aliuacha ubavu wa gogo laini kama uliopigwa randa. Lakini robo ya mti au zaidi ilibaki chini kuwa vipande vya kuni, na vipande hivyo vilipokauka vikawa chakula cha moto wa msitu. Ng'ombe na farasi waliyavuta magogo juu ya theluji mpaka mtoni, na barafu ilipoyeyuka yakasukumwa majini, yakafungwa kuwa vyelezo vidogo, na vyelezo vidogo vingi vikaunganishwa kuwa kimoja kikubwa, chenye nyumba na jiko juu yake. Watu walikufa katika kazi ile kila mwaka, wengi wao kwa kuzama, na makaburi yao yalichimbwa karibu na maji ya kasi yaliyowachukua.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa maporomoko ya Chaudière yenyewe, ambapo magogo ya nchi ya juu yalianguka yakavunjika. Mwaka 1829 Ruggles, mwana mwingine wa Wright, alijenga upande wa Hull mfereji wa kuteremshia magogo, ulio na sakafu ya mbao na upana wa kutosha chelezo kidogo kipite kizima na watu wake juu. Hakuna atakayeshangaa kwamba mchezo huo ulipendwa. Mwana wa Malkia Victoria, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Saba, alipoitembelea Ottawa mwaka 1860 aliteremshwa katika mfereji wa namna hiyo pamoja na wakubwa wake.

Na kilimo je? Kwa njia moja kilifaidika. Kambi za msituni zilihitaji majani makavu na shayiri ya kulishia ng'ombe na farasi, nyama ya nguruwe, dengu na unga wa kulishia watu, na mkulima wa Hull alipata soko mlangoni pake, ambalo kwanza hakuwa nalo. Wright mwenyewe aliendelea kufungua mashamba makubwa, akaajiri watu wengi. Lakini watu wa wakati ule walilalamika kwamba biashara ya mbao huharibu wakulima. Kijana aliyekwenda msituni baridi moja, akarudi na fedha mkononi, hakutaka tena kungoja ngano ikomae. Jembe likaachiwa wazee, na bei ya mbao ilipoanguka Uingereza, kama ilivyoanguka mara kwa mara, mtu huyo hakuwa na fedha wala mavuno. Wright na wanawe nao walijikuta mara nyingi wakidaiwa, kwani kila mwaka iliwapasa kukopa ili kulisha kambi, wakitegemea bei ambayo itakatwa Liverpool mwaka ujao.

Kati ya vibarua wake alikuwako kijana wa Ireland aitwaye Nicholas Sparks. Mwaka 1821 Sparks alinunua eka 200 upande wa pili wa mto kwa pauni 95, msitu na kinamasi, na yasemekana kwamba alipokwenda kuutazama alilia machozi kwa kujuta. Mwaka 1826 Lord Dalhousie, Gavana, pamoja na afisa wa jeshi, Luteni Kanali John By, walikuja kuchagua mahali pa kuanzia mfereji mkubwa wa meli uitwao Rideau. Walifikia Hull, kwa kuwa ng'ambo hapakuwa na kitu. Mafundi wa kwanza wa mfereji walilala katika Mji wa Wright, wakala ngano ya Wright, na saruji na chokaa vikatoka kwa wana wa Wright. Daraja la kwanza juu ya mto Ottawa likajengwa penye Chaudière. Kisha kambi ya wajenzi, ng'ambo, ikawa mji ulioitwa Bytown, na Bytown ikaitwa Ottawa, na mwisho wa mwaka 1857 Malkia Victoria akaichagua iwe mji mkuu. Shamba la Sparks likawa kati kati ya mji huo. Barabara yenye jina lake iko karibu na Bunge hata leo. Alikwisha kumwoa Sarah, mjane wa Philemon mdogo, mwana wa Wright aliyekufa mwaka 1821. Mzee aliyeleta vinu, njia, soko na watu alibaki upande wa pili, akiutazama mji wa mtumishi wake ukikua kuliko wake.

Hakuna dalili kwamba alikuwa na kinyongo. Mwaka 1830 alichaguliwa kuwa mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria, akakaa humo mpaka 1834, kisha akawaachia wanawe mambo yote. Alikufa tarehe 3 Juni 1839, akiwa na umri wa miaka 78, akazikwa katika makaburi ya St. James mjini Hull.

Mji wake haukuwa Woburn ya pili. Misonobari mikubwa ilipokwisha viwanda viligeukia miti midogo. Katika miaka ya 1850 alikuja pale E. B. Eddy, aliyeanza kwa kutengeneza viberiti na kumaliza kwa kumiliki viwanda vikubwa vya mbao na karatasi. Wafanyakazi wao walikuwa Wafaransa wa Kanada, nao wakawa wengi kuliko wajukuu wa Woburn. Nyumba zao zilikuwa za mbao, na kando yake marundo ya mbao yalisimama marefu kama maghorofa. Tarehe 26 Aprili 1900 moto ulioanza katika bomba la moshi la nyumba moja ya Hull ulichukuliwa na upepo, ukala sehemu kubwa ya mji, ukavuka mto juu ya marundo yale na kuingia Ottawa. Watu maelfu walilala nje usiku ule. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyelezo vya magogo ya pande nne vilikoma, na maporomoko ya Chaudière yakazungushiwa bwawa la kutolea umeme.

Waalgonquin waliokula pamoja na Wright hawakupata kutia sahihi mkataba wowote wa kuitoa nchi ile. Kabla hajafa mzee huyo, wanyama walikuwa wameadimika katika bonde na miti ya sukari mingi ilikuwa imekwisha kukatwa, kama wazee wao walivyosema tangu mwezi wa kwanza. Jamaa zao nyingi zilihamia juu ya mto Gatineau, maili kama 80 kaskazini, ambako ndiko kijiji chao kikubwa cha Kitigan Zibi kilipo. Madai yao juu ya ardhi ya Ottawa na Hull, pamoja na uwanja wa Bunge wenyewe, yameandikwa na kupelekwa kwa serikali mara nyingi, na yangali yakisikilizwa.